Dawa ya mbu ilianza kama ua la mlimani

Jua likizama Tandale, milango inafungwa na kwenye vyumba vingi inawashwa dawa ya mbu, ile ya mviringo. Watoto wanalala, moshi unapanda taratibu.

Dawa hiyo ilianza kama ua. Pareto ni ua dogo lenye petali nyeupe na kitovu cha njano. Asili yake ni miteremko ya mawe huko Croatia na nchi jirani. Huhitaji usiku wa baridi ili lichanue, ndiyo maana hapa Tanzania hulimwa nyanda za juu, kama Mbeya, Iringa na Njombe.

Ndani ya ua kuna sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Miaka ya 1890, Mjapani Ueyama Eiichiro alitengeneza vijiti vya kuchoma kwa unga wa pareto, lakini viliisha upesi. Mkewe, Yuki, ndiye aliyeshauri vizungushwe kama nyoka aliyejikunja ili viwake usiku kucha.

Siku hizi dawa nyingi za mviringo zina kemikali za kiwandani zilizoigwa kutoka pareto. Lakini tatizo kubwa kwa mtoto ni moshi wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kipande kimoja kikiungua hadi mwisho hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Katika chumba kimoja kilichofungwa, zinavutwa na waliolala.

Kinga bora ni chandarua chenye dawa. Nacho hutumia kemikali za ukoo huohuo wa pareto, ila hakina moshi. Kifue taratibu na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa yake.

Kama ni lazima kuwasha, washa kabla watoto hawajaingia kulala, acha dirisha wazi, weka mbali na godoro na pazia, kisha zima. Mwenye pumu asikae chumbani humo.

Usisahau mchana. Mbu wa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma jua likiwaka na huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Funika ndoo na madumu, mwaga maji ya kwenye matairi kila wiki.

Na mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo.