Neno "Pair" la Kiingereza na Mgawanyo wa Maana Zake katika Kiswahili

Makala haya yanachunguza namna maana za neno la Kiingereza "pair" zinavyogawanyika katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba neno hilo halina kisawe kimoja, na kwamba mfasiri anayeng'ang'ania "jozi" kila mahali huweza kubadili idadi ya vitu vinavyotajwa.

Kiingereza hulitumia neno hilo kwa hali mbili. Kwanza, vitu viwili vilivyotengana lakini hutumika pamoja, kama vile viatu, soksi na hereni. Pili, kitu kimoja chenye sehemu mbili zilizoungana, kama vile mkasi, suruali na miwani. Kiswahili hutenganisha hali hizo:

(1) Amenunua jozi mbili za viatu.
(2) Amenunua suruali mbili.
(3) *Amenunua jozi mbili za suruali.

Katika (1) viatu ni vinne. Katika (2) suruali ni mbili tu. Sentensi ya (3), ikikusudiwa kuwa na maana ya (2), humfanya msomaji ahesabu suruali nne. Katika hati ya manunuzi, kosa hilo ni la fedha, si la mtindo tu.

Neno "pea", lililokopwa kutoka "pair" lenyewe, nalo limefuata mantiki ya Kiswahili. Mbali na pea ya viatu, husemwa pia pea ya sare, yaani shati pamoja na suruali au sketi yake. Vitu hivyo havifanani, lakini ni viwili na huvaliwa pamoja.

Kwa watu, matumizi hubadilika tena. "Jozi" hufaa kwa wachezaji wawili wa tenisi; kwingineko husemwa wanandoa, pacha, au wawili hao. Inafaa kukumbuka kwamba "jozi" linatokana na neno la Kiarabu "zawj", ambalo humaanisha pia mwenzi wa ndoa. Kiswahili hakikuichukua maana hiyo. Hata hivyo, kitenzi kinachofasiri tendo la kuweka vitu viwiliviwili ni "oanisha", chenye mzizi -oa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kisawe, mfasiri hana budi kujiuliza: ni vitu viwili, au ni kimoja chenye sehemu mbili?