Piano ilivyokula pembe za ndovu

WAHENGA walisema, wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika kisa hiki mambo ni kinyume: walicheza watu, akaumia ndovu.

Msomaji, ikiwa kanisani kwenu au katika ukumbi wa shule ya mwanao pana piano kuukuu, omba ruhusa uvitazame vibonyezo vyake vyeupe. Ukiona vimegeuka manjano kidogo, vina mistari myembamba kama ya mbao, na kila kimoja kina alama ya kiungo ambapo vipande viwili vimekutana, huenda unatazama pembe ya ndovu.

Jambo hili linawagusa hasa wakazi wa Kitale na Bungoma, wanaoishi chini ya Mlima Elgon. Ukitoka Kitale ukapita Endebess, unaingia mbuga ambamo kuna pango la Kitum. Usiku, ndovu huingia humo gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, na kuvunja mwamba kwa pembe ili wale chumvi yake. Pembe, kwa mnyama huyu, ni jembe lake.

Kwa mtengenezaji wa piano ilikuwa malighafi. Piano ya kwanza iliundwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence, Italia, mnamo 1700 hivi. Karne ya 19 ilipofika, ala hiyo ilikuwa imeingia sebuleni mwa watu wa kawaida. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, katika jimbo la Connecticut, Marekani, vikawa vinanunua pembe kwa wingi kutoka Zanzibar. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika hadi Mumias na kandokando ya Elgon ikizitafuta. Wapagazi, wengine wakiwa watumwa, walizibeba mabegani hadi pwani. Huko Marekani zilipasuliwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo ziwe nyeupe, kisha zikabandikwa juu ya vibonyezo vya mbao. Piano ya kawaida ina vibonyezo vyeupe 52.

Je, kwa nini desturi hiyo ilidumu? Wapigaji walisema pembe hunyonya jasho, kwa hiyo kidole hakitelezi. Hoja hiyo ina ukweli wake. Plastiki za mwanzo ziliteleza.

Hata hivyo, mafundi hao hao hawakuogopa kubadilisha mengine. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma iliyosubuliwa kwa kipande kimoja, kwa kuwa mbao zilikuwa zikilemewa na mvuto wa nyuzi. Mwaka 1859 kampuni ya Steinway ilipata hataza ya kupitisha nyuzi za sauti nzito juu ya nyingine katika piano kubwa. Leo nyuzi za piano kubwa ya jukwaani huvuta kwa nguvu ya takribani tani 20.

Mabadiliko hayo yaliikuza sauti. Pembe haikuongeza sauti yoyote. Sauti ya piano hutoka pale nyundo yenye manyoya yaliyoshindiliwa inapougonga uzi, na ubao mpana ulio nyuma ya nyuzi ukavuma. Kwa maneno mengine, pembe ilikuwa vazi tu.

Vazi hilo lilivuliwa polepole. Kuanzia miaka ya 1950 plastiki ilishika nafasi katika viwanda vingi, na katika miaka ya 1980 Yamaha ya Japani ikabuni Ivorite, kitu kinachonyonya jasho kama pembe.

Ndovu wa Elgon hawakupona kwa hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili wenye bunduki waliwaua wengi, safari hii kwa ajili ya mapambo na vinyago. Mnamo Julai 18, 1989, Kenya iliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi.

Basi mzazi, usiibandue pembe iliyo katika piano ya zamani. Ndovu yule hatafufuka. Mfundishe mwanao kuipiga vizuri, na umweleze ilikotoka. Kisha, siku ya mapumziko, mpeleke Elgon akaone mwamba uliochimbwa na pembe zilizobaki mahali pake.