Taa ya Manjano Isiyozimika Katika Lori

Dereva anapozungusha ufunguo wa lori asubuhi, taa ndogo ya manjano yenye herufi ABS huwaka mbele yake, ikakaa sekunde chache, kisha ikazimika. Hiyo ni dalili njema. Lakini isipozimika, au ikiwaka lori likiwa njiani, ipo kasoro. Wako madereva wanaoipuuza kwa sababu breki zinashika kama kawaida, na wako waliokwisha kuing'oa balbu yake ili wasisumbuliwe. Afanyaye hivyo hatengenezi kitu. Humfumba macho mwenzake atakayelishika lori hilo kesho.

Yafaa kwanza kazi ya chombo hiki ieleweke. Breki zikikanyagwa kwa nguvu katika barabara iliyolowa, hasa lori likiwa tupu, magurudumu huweza kukwama yasizunguke tena, na lori likateleza. Gurudumu lililokwama halitii usukani. Kichwa cha lori na trela yake huweza kupinda pale vilipoungana, vikaziba barabara nzima. Ili kuzuia hatari hiyo, katika habu ya gurudumu hutiwa pete ya chuma yenye meno, mara nyingi 100, na karibu yake huwekwa sensa, yaani kipande kidogo chenye sumaku na waya uliozungushwa ndani. Kila jino lipitapo, sensa hutoa umeme kidogo, nao hupelekwa kwenye kompyuta ya breki. Kompyuta ikiona gurudumu linataka kukwama, huiamuru vali ipunguze upepo wa breki hiyo kisha iurudishe, mara kadhaa katika sekunde moja.

Basi taa ikiwaka, maana yake ni kwamba msaada huo umeondoka, kwa gurudumu moja au kwa yote. Breki zenyewe zipo, ila zimekuwa kama zile za malori ya zamani. Dereva aweza kuendelea hadi gereji, lakini aende polepole na kuacha nafasi kubwa mbele yake. Asiichanganye na alama nyekundu ya upungufu wa upepo, ambayo humtaka asimame mara moja. Tena ajue kwamba ABS, hata ikiwa nzima, haipozi breki. Katika mteremko mrefu kama ule wa Sachangwan kushukia Salgaa, nchini Kenya, anayekanyaga breki toka juu mpaka chini atazichoma, taa iwe imewaka au imezimika. Huko gia ndogo ndiyo mlinzi.

Fundi mwenye busara, kabla hajashika spana, huuliza lori limefanyiwa kazi gani siku za karibuni. Mara nyingi sana kasoro hii huzaliwa baada ya kubadilishwa beringi au breki za gurudumu. Sensa nyingi za malori hazikufungwa kwa bolti, bali zimebanwa na kishikizo cha springi tu, na huweza kusukumwa nyuma mbali na pete. Malori mengi huonyesha gurudumu lenye ila kwa kumetameta kwa taa yenyewe; idadi ya mimeto husomwa katika kitabu cha lori.

Lori liegeshwe penye tambarare na magurudumu mengine yazuiwe kwa vigingi. Gurudumu lenye kasoro liinuliwe kwa jeki, ekseli ikalie stendi imara, ndipo breki yake ilegezwe. Sensa isukumwe kwa mkono mpaka iguse pete. Nyundo isitumiwe kamwe. Kisha gurudumu lizungushwe, na meno ya pete yataisogeza sensa yenyewe mahali pake. Mwanya usizidi milimita 0.7. Lakini kama beringi imelegea, gurudumu litayumba na kuisukuma tena sensa nyuma, na kazi yote itakuwa bure. Beringi hutengenezwa kwanza.

Ikiwa taa bado yawaka, plagi ya sensa ifunguliwe na kupimwa kwa mita ya umeme. Sensa nyingi za namna hii huonyesha kati ya omu 900 na 2,000, ingawa kitabu cha lori ndicho cha kufuatwa. Gurudumu likizungushwa kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili, mita ionyeshe angalau volti 0.2 za umeme wa kubadilika. Ikipungua, pete itazamwe kama ina kutu, matope au jino lililovunjika. Waya nao ufuatwe toka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa hupenda kukwaruzika karibu na ekseli, na plagi huingia maji. Fyuzi na betri zisisahauliwe. Kununua kompyuta mpya kabla ya haya yote ni kutupa fedha, maana yenyewe ni nadra kuharibika.

Baada ya matengenezo, taa huenda isizimike lori likiwa limesimama. Katika malori mengi kompyuta hungoja kwanza kuyaona magurudumu yote yakizunguka sawasawa. Basi lori lijaribiwe mahali pa wazi. Taa ikizimika, kazi imekwisha. Ikirudi baada ya siku mbili tatu, beringi ile ndiyo ya kutazamwa tena.