Heshima Ina Sura Nyingi: Kufanya Kazi na Watu wa Desturi Nyingine

Katika vilima vya Nyamache, Kaunti ya Kisii, mkulima huchuma chai yake asubuhi, majani mawili na chipukizi, akaipeleka kwenye kituo ambako hupimwa na kuandikwa. Tangu hapo chai ile hupita mikononi mwa watu wengi ambao mkulima hatawaona kamwe: makarani na mafundi wa kiwandani, madalali wa mnada wa Mombasa, na wanunuzi waipelekao Pakistan, Misri na Uingereza. Watu hao hawana lugha moja wala dini moja wala desturi moja. Hata hivyo wasipoelewana, hasara humrudia yule aliyechuma.

Jambo hili si geni kwa Wagusii. Lugha yao ni ya Kibantu, nao wamepakana na Waluo, Wakipsigis na Wamaasai, ambao lugha zao ni za asili nyingine kabisa. Zamani palikuwa na vita na kutekana ng'ombe. Lakini palikuwa na biashara pia. Wagusii walipeleka nafaka kwa Waluo, wakarudi na mifugo. Mwaka wa njaa, mtu aliyekuwa na rafiki ng'ambo ya mpaka aliweza kulisha watoto wake.

Basi, ni nini hasa huharibu kazi baina ya watu wa desturi mbalimbali? Mara nyingi ni ishara ya heshima iliyosomwa vibaya, wala hapakuwa na ubaya wo wote moyoni. Mfano mmoja ni macho. Robert LeVine, mtaalamu wa Kimarekani aliyeanza kuchunguza maisha ya Wagusii katika miaka ya 1950, aliandika kwamba Wagusii huzungumza pasipo kukazana macho usoni, na hasa mdogo mbele ya mkubwa. Kwao huo ni utu mwema. Lakini katika ofisi nyingi za Ulaya na Marekani, mtu asiyemtazama mwenzake hudhaniwa kwamba anaficha jambo. Kijana akiitwa kuulizwa habari za kazi, akainamisha macho kwa adabu, mwulizaji mgeni aweza kumwandika kuwa si mwaminifu. Kijana amepoteza kazi kwa sababu ya malezi mema.

Mfano wa pili ni nyumba. Wagusii wana sheria za staha ziitwazo chinsoni, na mojawapo ni kwamba baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyekwisha kuoa. Mgeni asiyejua hayo, akiitisha mkutano wa wakulima katika nyumba ya kijana mmoja na kumsihi mzee aingie ndani, humtia aibu mbele ya watu. Mzee atabaki uani, au ataondoka bila kusema neno, na mgeni atadhani kwamba mzee haitaki kazi yake. Kama angaliuliza kwanza, viti vingaliwekwa chini ya mti na mambo yangalikwisha vizuri.

Wenyeji nao hukosea. Mtu wa Nyamache akifika Mombasa katika chumba cha kuonjea chai, atamwona mwonjaji akivuta chai ya kijiko kwa kishindo, kisha akaitema. Nyumbani huo ungekuwa ukosefu wa adabu. Lakini hiyo ndiyo njia ya kuitambua ladha na harufu ya chai, na mwonjaji huonja vikombe vingi kwa siku moja. Vivyo hivyo, mtoto wa Kimaasai humwinamishia mkubwa kichwa, naye mkubwa humgusa utosini kuwa ndiyo salamu. Mgeni anyooshaye mkono kumngojea mtoto ampe mkono atakuwa ameikataa salamu aliyopewa.

Kujua desturi, hata hivyo, hakutoshi. Mapatano ya kazi na mali yataka maneno yaliyo wazi. Upande wa Nyangusu, ambako Kisii hupakana na Trans Mara, wako wakulima wa Kigusii wanaokodi mashamba ya majirani wao Wamaasai. Hapo neno moja laweza kuzaa ugomvi. Mmoja husema “msimu” akiwaza mpaka mahindi yavunwe. Mwingine akiwaza miezi sita. Mmoja hudhani mabua ni yake kwa kuwa ndiye aliyelima. Mwingine hudhani kwamba baada ya mavuno ng'ombe wake wataingia kula. Kila mmoja ni mkweli, na kila mmoja atamwita mwenzake mwongo.

Dawa yake si ngumu. Shamba litembelewe na mipaka ionyeshwe mchana. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza itajwe, na fedha zihesabiwe wazi. Habari za mabua, maji na njia ya mifugo ziamuliwe kabla ya jembe kugusa udongo. Mashahidi watoke pande zote mbili. Kisha yote yaandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaifahamu, na kila mmoja apewe nakala yake.

Hata katika chai imani haikujengwa kwa maneno matamu. Shirika la KTDA lilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo, na tangu mwaka 2000 limekuwa kampuni iliyo chini ya viwanda vya wakulima wenyewe. Mkulima anapomkubali karani aliyetoka wilaya ya mbali, humkubali kwa kuwa auona mzani kwa macho yake na hupewa hesabu ya kilo zake. Mzani ukifichwa, hata karani aliye ndugu yake hataaminiwa.

Kwa hiyo yafaa mtu yeyote anayeanza kazi mahali pa ugenini aulize mambo matatu mapema: wakubwa husalimiwaje hapa, jambo zito husemwa mbele ya nani, na neno la kukataa husemwaje kwa adabu. Kuuliza si ujinga. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, maana huonekana upesi kwa kila mtu. Lakini na mwenyeji akumbuke kwamba akivuka mpaka pale Nyangusu, kuku mweupe ni yeye.