Chafya Inapouma Mkononi

Kuketi na mkono kichwani ni jambo ambalo wazee wengi hulikemea. Kwa desturi ya sehemu nyingi za nchi, hiyo ni ishara ya msiba, na anayeketi hivyo bila kufiwa huambiwa anajitakia mkosi. Hata hivyo, mhudumu wa afya anayemwona mgonjwa akiingia chumbani huku kiganja cha mkono unaomuuma kimetulia utosini, hana budi kumtazama kwa makini. Mkao huo unaweza kuwa umekwisha kumweleza ugonjwa uliko.

Mfano ufuatao umetungwa kutokana na hali za kawaida za maisha ya Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Mama wa miaka 45, mchuuzi wa dagaa, anajitwisha kichwani gunia lake kila alfajiri kwenda sokoni. Asubuhi moja anapiga chafya, na papo hapo maumivu makali yanamshuka mkono wa kulia. Kwa wiki mbili anachua kiwiko kwa dawa ya kupaka na kumeza vidonge vya maumivu bila nafuu. Jirani anamshauri aende kwa fundi wa viungo akavutwe shingo. Mwishowe anakwenda zahanati.

“Shikamoo, mama. Maumivu yanaanzia wapi, na yanaishia wapi?” tabibu kijana anamwuliza.

“Marahaba, mwanangu. Yanaanzia huku shingoni, yanapita nyuma ya bega, yanashuka mpaka kidole cha kati. Nikipiga chafya au nikikohoa, ni kama nimepigwa shoti ya umeme.”

“Na mkono mbona umeuweka kichwani?”

“Nikiushusha unauma zaidi. Mama mkwe amenigombeza, anasema namwitia mwanawe kifo.”

“Na hicho kikohozi, mama, kimeanza lini?”

“Mwezi sasa. Ni vumbi tu la barabarani.”

Katika majibu hayo mafupi mna mambo mawili yanayostahili kuchunguzwa, na kosa kubwa lingekuwa kulishughulikia moja na kulisahau la pili.

Kinachotokea wakati wa chafya

Shingo ina pingili 7, na kutoka katika eneo lake huchomoza jozi 8 za mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Mizizi ya chini ndiyo inayokwenda mikononi. Kati ya pingili nyingi kuna diski, mto laini unaopunguza mshindo wa mwendo na mzigo. Kadiri umri unavyosonga, diski hukauka na kunywea, na kingo za mifupa huota vijinundu. Kwa mtu mwenye umri mdogo zaidi, diski yaweza kupasuka na sehemu yake ya ndani kutokeza nje. Kwa njia zote mbili, tundu ambamo mzizi wa neva hupita huwa jembamba, na mzizi hubanwa na kuvimba.

Mtu anapopiga chafya au kukohoa, misuli ya kifua na tumbo hukaza ghafla. Shinikizo la ndani hupanda, damu hujaa katika vena zinazouzunguka ugwe mgongo, na shinikizo la maji yanayouogesha ugwe huo huongezeka. Kichwa nacho hurushwa mbele. Mzizi wa neva ulio salama huvumilia hayo bila taabu. Ule uliokwisha kubanwa hupiga ukelele. Kwa hiyo chafya mara nyingi hufichua tatizo lililokuwapo kabla yake. Wakati mwingine, hasa ikiwa diski ilikuwa imechoka, nguvu ya chafya huweza kuwa ndiyo iliyokamilisha kuipasua.

Mkono ukiinuliwa na kuwekwa kichwani, mvutano katika mzizi uliobanwa hupungua. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huugundua mkao huo wenyewe, hata wakilala usiku.

Njia ya maumivu

Mahali maumivu yanapoishia husaidia kuutambua mzizi ulioathirika. Mzizi wa 6 hupeleka maumivu au ganzi kwenye kidole gumba na cha shahada. Mzizi wa 7, unaoathirika mara nyingi kuliko mingine, huelekea kidole cha kati na hudhoofisha msuli wa kunyoosha kiwiko, hata kusukuma mlango kukawa kazi. Mzizi wa 8 huhusu kidole cha pete na kidole kidogo, na mgonjwa hulalamika kwamba vitu vinamponyoka.

Maumivu yasiyovuka bega, yanayozidi mkono unapoinuliwa na kuuma mahali panapobonyezwa, huelekea zaidi kuwa ya msuli au kano. Wavunja kokoto, wavuvi wanaovuta nyavu na wabeba mizigo huyapata kwa urahisi, na mtikisiko wa chafya huyaamsha. Aliyeanguka kwa bodaboda siku chache kabla hana budi kuchunguzwa kama amevunjika mfupa wa bega, mbavu au shingo.

Yapo pia mambo yasiyotokea mara nyingi lakini yenye hatari. Uvimbe wa saratani katika ncha ya juu ya pafu huweza kuzibana neva za mkono. Henry Pancoast, daktari wa eksirei wa Marekani, aliueleza katika miaka ya 1920 na 1930. Mgonjwa huwa na maumivu ya bega yasiyoisha usiku wala mchana, ganzi upande wa kidole kidogo, na wakati mwingine kope la upande huo hulegea na mboni ya jicho kuwa ndogo. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia pingili za mgongo na za shingo. Aidha, mtu anayepata maumivu ya kisogo kila akikohoa, na ambaye huungua mikono jikoni bila kuhisi moto, huenda ana tatizo katika ugwe mgongo wenyewe.

Maumivu ya mkono, hasa wa kushoto, yanayoambatana na kubanwa kifua, kutoka jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, yachukuliwe kuwa ya moyo hadi itakapothibitika vinginevyo. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa apewe rufaa bila kuchelewa iwapo mkono unazidi kupoteza nguvu. Miguu inayumba au kukakamaa. Vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati. Mkojo au haja kubwa haizuiliki. Au maumivu yamefuata ajali. Vivyo hivyo iwapo kuna homa, jasho la usiku, kupungua uzito, au historia ya saratani. Katika Mwanza, njia ya rufaa hupita hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Katika zahanati isiyo na MRI, bado kuna mengi yanayowezekana. Nguvu ya kila msuli ilinganishwe na ya upande wa pili. Hisia za vidole zipimwe kwa pamba, na mishtuko ya kano kwa nyundo. Kipimo cha Spurling, ambacho huinamisha shingo upande wenye maumivu na kukandamiza kichwa taratibu, husaidia, lakini kisifanywe kwa mtu aliyepata ajali au anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu au saratani ya mifupa. Kwa sababu hiyohiyo, kuvutwa au kuzungushwa shingo na mtu asiyejua kilichomo ndani ni hatari.

Kinachomsaidia mgonjwa

Habari njema ni kwamba wengi wenye mzizi wa neva uliobanwa hupata nafuu katika wiki chache hadi miezi 3 bila upasuaji. Dawa za maumivu zitumike kwa ushauri, kwani ibuprofen na jamii yake huweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, shinikizo la damu au ujauzito. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Shughuli nyepesi na mazoezi ya taratibu ni bora. Mzigo wa kichwani usitishwe kwa muda. Uchunguzi wa eksirei uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta uchakavu wa shingo mara nyingi zaidi kwa watu wanaobeba mizigo kichwani kuliko kwa wasiobeba. Chafya isizuiliwe kwa kubana pua; mtu ajikinge kwa kiwiko cha mkono mzima, anyooshe mgongo, na asiache kichwa kirushwe mbele.

Kikohozi nacho kisiachwe kwa sababu kimeonekana kuwa kichokozi tu cha maumivu. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka kipimo cha makohozi, na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi chochote kinatosha kumfanya apimwe. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Mama wa mfano huu, basi, aondoke zahanati na mambo mawili mkononi: maelekezo ya kuitunza shingo yake, pamoja na siku ya kurudi kupimwa nguvu za mkono; na kikopo cha makohozi. Kama atakuja na mama mkwe siku hiyo, tabibu amweleze naye kwa heshima kwamba mkono ule kichwani haukuita kifo. Ulikuwa unaonyesha mahali pa kutibu.