Mpangilio wa Maswali na Imani ya Mtafitiwa: Usaili Uwandani Madibira

Usaili ni miongoni mwa mbinu zinazotumiwa sana kukusanya data katika tafiti za isimujamii na fasihi simulizi. Hata hivyo, mafunzo ya usaili mara nyingi huishia kwenye uundaji wa maswali, ilhali ubora wa data hutegemea pia namna swali linavyosikika masikioni mwa anayeulizwa. Makala haya yanafafanua jambo hilo kwa kurejelea Madibira, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya.

Madibira ipo katika bonde la Usangu, jirani na mkoa wa Iringa. Kilimo cha mpunga cha umwagiliaji kimewakutanisha hapo watu wa asili mbalimbali, wakiwemo Wasangu, Wahehe na Wabena, na bonde kwa jumla limepokea pia wafugaji, kama vile Wasukuma. Kwa mtafiti wa lugha, mchanganyiko huo ni hazina. Lakini mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu kwa hoja ya kunusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu, na mwaka 2008 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa na kuingiza sehemu ya bonde hilo. Katika mazingira hayo, kumuuliza mtu ametoka wapi ni kugusa haki yake ya kuendelea kuishi alipo.

Mwongozo wa kawaida wa usaili wa isimujamii hufunguliwa kwa jina, kabila, mahali pa kuzaliwa na mwaka wa kuhamia kijijini. Mtafiti huyaweka maswali hayo mwanzoni kwa kuyaona mepesi. Kwa mtafitiwa, hayo yanaweza kufanana na maswali ya ofisa anayeandaa orodha. Anayejibu "sijui" huenda hajasahau. Analinda makazi yake. Athari haziishii hapo. Anayeona ni salama kujitambulisha kuwa mwenyeji huenda pia akaificha lugha anayozungumza na watoto wake, na hapo lengo lenyewe la utafiti huharibika.

Kwa hiyo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, vibali vipitie ngazi zote hadi kwa mtendaji wa kijiji, lakini kiongozi anayemsindikiza mtafiti asiketi kwenye mazungumzo. Pili, usaili uanzie kwenye kazi ambayo mtafitiwa ndiye mjuzi wake. Swali kama "Mama, kingo hizi za majaruba mnaziitaje nyumbani?" humpa mtafitiwa nafasi ya mwalimu na papo hapo huibua msamiati. Tatu, swali la jumla kama "Je, vijana wameacha lugha ya asili?" hudokeza jibu linalotarajiwa. Ni afadhali kuuliza, "Mzee, jana ulipomtuma mjukuu wako, ulimwambiaje?" Nne, kimya kiheshimiwe. Mzee anaponyamaza huenda anapima maneno. Mtafiti anayewahi kuuliza swali jingine humkatisha, na jibu lililokuwa njiani hupotea.

Taarifa binafsi zije mwishoni, na zile tu zinazohitajika katika uchanganuzi. Ikiwa mwaka wa kuhamia hautatumika, usiulizwe. Vilevile, mazungumzo muhimu mara nyingi huja baada ya kinasa sauti kuzimwa. Maneno hayo si data mpaka mwenyewe aombwe ruhusa upya na kuitoa.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mbinu hizi zisigeuzwe mtego wa kumfanya mtu aseme alichokusudia kukificha. Mtafitiwa aelezwe tangu mwanzo lengo la utafiti, mahali rekodi zitakapohifadhiwa na haki yake ya kukataa swali lolote. Katika tasnifu, jina lake pamoja na maelezo yanayoweza kumtambulisha yaondolewe, ikiwemo mahali alipotoka iwapo kijijini ni wachache wenye asili hiyo. Mtafiti hurejea chuoni na data yake. Mtafitiwa hubaki bondeni na matokeo ya aliyoyasema.