Tairi gani kwa njia zetu? Soma herufi kabla ya kusoma marke

Wandugu masomi, leo siongei juu ya mihogo wala mbolea. Naongea juu ya tairi, kwa sababu wengi wetu tukimaliza licence kazi ya kwanza inatupeleka tereni, na siku moja utaulizwa: "Tununue gani?"

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi tulikuwa tunapeleka mbegu ya maharage Walungu, mwanzo wa msimu A. Gari ilikuwa 4x4 ya nguvu, lakini tairi zilikuwa za lami, tena za okazio. Mvua ikanyesha, tukakwama kwenye mlima. Wakati wa kutoka, jiwe likapasua tairi moja ubavuni. Mbegu ikafika siku mbili kisha. Mama mmoja akaniuliza: "Agronomu, mvua inangojaka gari?" Sikuwa na jibu.

Hapo njo nilianza kujifunza. Kitu cha kwanza: kabla ya marke, angalia herufi. H/T ni tairi ya lami: laini, haina kelele, haikuli mafuta mingi. M/T ni ya matope: meno makubwa yenye kuachana, lakini kwenye lami inapiga kelele, inaisha mbio, na ikilowana inashika vibaya. A/T iko katikati.

Kwa nini H/T inashindwa kwetu? Udongo mwekundu wa milima yetu iko na klei mingi. Chembe za klei ni ndogo kuliko milimita 0,002. Zikilowana zinanata na kujaza mifereji ya tairi. Tairi inakuwa kama sabuni. Meno ya A/T na M/T yameachana ili tope lirushwe inje tairi ikizunguka. Goma shida ni ingine: mawe ya volkano yanakata. Pale angalia ubavu zaidi ya meno.

Sasa marke. BFGoodrich, ambayo iko chini ya Michelin tangu 1990, inajulikana kwa All-Terrain T/A KO2: ubavu mgumu, lakini ni nzito na bei iko juu. Bridgestone iko na Dueler, Goodyear iko na Wrangler, Yokohama iko na Geolandar. Lakini chunga: Dueler iko ya H/T, ya A/T na ya M/T. Mtu akikuambia "nunua Dueler", bado hajakuambia kitu. Marke za China kama Linglong na Triangle nazo zinatengeneza A/T, na mara mingi bei yake ni ndogo. Kwa mfuko mdogo, A/T mpya ya bei ndogo naiamini kuliko tairi ya jina kubwa ambayo imezeeka.

Utajuaje umri? Tafuta ubavuni neno DOT. Tarakimu ine za mwisho zinasema juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji anaweza kupaka tairi rangi nyeusi ingae, lakini tarakimu hizo hazidanganyi. Soma pia uzito: kwa 265/70R16 112S, namba 112 inamaanisha tairi moja inabeba kilo 1120. Ukipakia mifuko ya mbegu, hesabu.

Mwisho, upepo. Kwenye tope punguza kidogo ili tairi ipanuke na kushika. Ukirudi kwenye lami, rudisha. Ukisahau, tairi itapata moto na kupasuka. Na usichanganye saizi kwenye 4x4: inaumiza mashini.

Kwa hiyo: kama unazunguka mjini tu, H/T inatosha. Lami na vijiji, chukua A/T. M/T ni ya yule anaishi ndani ya tope.

Kesho asubuhi inama, soma ubavu wa tairi ya gari unayopandaka. Mvua ya msimu haitakungoja.